Kijimea Kati ya Mashemeji

Mwaka wangu wa pili katika kituo cha utafiti wa kilimo Kakamega, katikati ya miaka ya tisini, nilitumwa kijijini Ekero kuwaeleza wakulima utafiti wetu kuhusu kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalodumaza mahindi. Nilikuja na chati nne nilizozichora wiki nzima. Nikatoa salamu, wakaitikia "Aleikum salaam", nikaanza kusoma. Nusu saa baadaye watu walikuwa wakitazama viatu vyangu.

Mama mmoja akasimama, akafunga leso vizuri.

"Mwalimu, sisi tunajuanga hii ni kurogwa. Niligombana na shemeji yangu juu ya mpaka. Msimu uliofuata, shamba langu likajaa hayo maua."

Watu wakageuka. Shemeji mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, kofia magotini.

Nikaziweka chati kando. Nikamwomba mama atupeleke shambani kwake, hatua chache tu. Nikachimba shina moja la mahindi pamoja na udongo wake, nikaliosha polepole ndani ya karai. Mizizi ile ikikatika, sina la kuonyesha. Tope likaondoka, kijimea cheupe cha kiduha kikaonekana kimeng'ang'ania mzizi kama kupe.

"Kinanyonya chini kwa chini kabla hakijachomoza," nikasema. Kisha nikapukutisha kiganjani ua la kiduha lililokauka. Mbegu zilikuwa laini kama vumbi. "Hizi husafiri na maji ya mvua, na udongo ulioganda kwenye jembe."

Shemeji akasogea.

"Jembe uliazima kwangu," akamwambia mama kwa sauti ya chini. "Kwangu hayo maua yalikuwa yamejaa kabla ya kwako. Niliona haya kusema."

Mama akainama, akashika gugu la kwanza. "Basi njoo tung'oe, kabla mbegu hazijaanguka zote."

Waling'oa mpaka alasiri, nami nikiwa katikati yao na viatu vimejaa tope. Niliwaambia ukweli: msimu ule mahindi hayangepona, na udongo ungechukua miaka kusafika. Hawakuacha.

Nikiaga, mama akaniuliza, "Ng'ombe akila hiyo mbegu, inakufanga tumboni? Maana samadi yake tunarudishanga shambani."

Sikujua. Nikamwambia hivyo, nikaandika swali lake kwenye daftari. Kesho yake ofisini Kakamega, nililisoma mbele ya wenzangu. Hakuna aliyecheka. Mkubwa wetu akavuta kiti akasema, "Tuanze na hilo."