Kipindi Kilichomfukuza Mwikali

Jumapili, tarehe nane Septemba. Tangu asubuhi upepo umekuwa wa vumbi, ule unaotangulia mvua za Oktoba, na jua limewaka hadi mabati ya jikoni yakawa yanalia. Nilikuwa nimekaa kivulini nikishona kifungo cha shati wakati simu ilipoanza: tii, tii, tii, bila kupumzika. Ni kile kikundi chetu cha simu, cha watu tuliotoka Salama, kijiji chetu cha utotoni. Mmoja alikuwa ameuliza, "Nani anakumbuka ile wiki Zaituni wa televisheni aliingia kwa askari wa geti?" Basi wakaamka wote. "Woi! Akajifunga leso juu ya koti la kazi!" "Na rungu akakorogea uji!" "Mimi mbavu ziliniuma wiki nzima." Katikati yao akaandika Musyoka, ndugu yangu wa tumbo moja, "Hicho ndicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote. Nilicheka nusura nife." Nikaiweka simu chini, nikashika sindano tena, lakini kwa hasira uzi haukuingia. Mimi huandika mistari michache tu kila jioni, mvua ikinyesha au mbuzi akizaa. Leo nitaandika zaidi. Niliishia darasa la saba, na kumbukumbu zangu si za kuapia, kwa hiyo mahali ambapo sina hakika nitasema.

Ulikuwa ule mwaka wa njaa, miaka ya themanini, mwaka wa mahindi ya njano. Aliyeyala hajasahau harufu yake: yakichemka, nyumba nzima hunuka gunia na dawa ya kuua wadudu, na hata yakiiva harufu hiyo inabaki kwenye nguo. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alikuwa akiuza mafuta kwenye kituo cha petroli Mtito Andei, na nyumbani alifika mwisho wa mwezi, akikosa gari hafiki. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Musyoka miaka minne au mitano. Ndipo baba akamleta Mwikali, mke mpya, kutoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Alikuwa msichana mrefu wa maneno machache. Sitaki kumpamba. Ukimwaga maji alikufinya sikio, na asubuhi hakupenda kusemeshwa. Lakini chakula alitupakulia sisi kwanza, na kilichobaki ndicho alichokula yeye, na siku nyingi hakikubaki. Usiku Musyoka akimlilia mama, Mwikali hakumwambia nyamaza. Alikaa naye tu mpaka achoke.

Televisheni ilikuwa moja tu, katika duka la Abdi, ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki na kuanza biashara hapo barabarani. Aliifungia kwenye betri ya gari, akaiweka juu ya makreti, na siku ya mchezo wa kuigiza hakumfukuza mtu. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi na sukari, na mafuta ya taa yalinuka mpaka kooni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mwanamke aliyeitwa Zaituni, aliyekufa akaacha watoto, na mume akaoa mke mwingine, Bi Tatu, mkali kama pilipili. Zaituni alikuwa akirudi. Hakuwa wa kutisha ovyo. Pazia lilitikisika kidogo, taa ikapungua, na mtoto aliyelala bila blanketi akajikuta amefunikwa. Watu wazima waliziba macho. Mimi sikuziba. Nilikuwa natazama ile mikono isiyoonekana ikifunika mtoto, kisha narudi nyumbani nalala nimejifunua makusudi. Sijui kama ni upumbavu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mama yangu alikuwa chini ya udongo, na huo mchezo ulikuwa unaniambia jambo nililotaka kusikia.

Wasioweza kufika dukani waliupata mchezo mtoni. Mto wetu wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo mpaka kiunoni, unakaa pembeni, unangoja maji yajikusanye, unateka kwa kibuyu, unangoja tena. Mtungi mmoja ni asubuhi nzima, na nyuma yako foleni. Katika kungoja huko, Mama Kioko, aliyeuza mboga za sukuma mbele ya duka la Abdi na hakukosa kipindi, ndiye aliyetusimulia. Lazima niseme ukweli, alikuwa na kipaji. Aliigiza sauti zote, hadi mlango. Wanawake waliokuwa hawajala tangu jana walisahau tumbo kwa ajili yake, na kwa hilo alikuwa na thawabu yake. Lakini ni hapo mtoni pia ndipo walipoanza kumwita Mwikali Bi Tatu. Kwanza kwa kunong'ona. Baadaye waziwazi: "Bi Tatu, sogeza mtungi." Yeye alisogeza.

Kisha kikaja hicho kipindi cha kuchekesha. Sijui waliotunga walikuwa na nini wiki hiyo, labda walichoka kutuogopesha. Zaituni, badala ya kutikisa pazia, aliingia ndani ya askari wa geti, mwanamume mnene mwenye ndevu, na askari akaanza kuwa mama wa nyumba. Nilikuwepo dukani. Watu walicheka hadi Abdi akashikilia televisheni isianguke. Yule mwigizaji aliigiza vizuri, nisiseme uongo. Lakini mimi nilitoka kabla hakijaisha, nikasimama nje kwenye baridi, kwa sababu yule niliyekuwa nikimngoja kila wiki alikuwa amegeuzwa kikaragosi chenye rungu.

Kesho yake mtoni hakukuwa na habari nyingine. Mwikali alikuwa ndani ya shimo, anateka. Musyoka alikuwa kivulini na sufuria yetu ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, mahindi ya njano na kunde chache, chakula chetu cha mchana, na jioni hapakuwa na kingine.

"Lakini huo ni uongo," mama mmoja mzee alikuwa akibisha. "Mzimu wa mwanamke utaingiaje kwa mtu mwenye ndevu?"

"Kwani mzimu huuliza kitambulisho mlangoni?" Mama Kioko akamjibu. "Wengine walikuwa wamelala. Askari ndiye alikuwa macho."

"Askari gani hukesha macho? Hapo sasa ndipo wametudanganya!"

Wakaangua kicheko. Hata mimi maneno hayo leo yananichekesha, na hilo linanikera zaidi. Basi Mama Kioko akajifunga leso kichwani, akaokota fimbo, akaanza kutembea kwa kunesa kama yule askari. Akafika pale ambapo askari anashika chungu cha Bi Tatu, ananusa, anakimwagia mbwa. Akatazama huku na huku akitafuta chungu, akaona sufuria yetu, akamnyang'anya Musyoka. Akainusa. Akamgeukia Mwikali aliye ndani ya shimo, na kwa sauti nyembamba akalia, "Nani amewapikia watoto wangu uchafu huu?"

Wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Mwaga! Mwaga kama yeye!" Na sufuria ikapinduka.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikusudia. Kitambaa kilikuwa kikuukuu na fundo huenda lililegea lenyewe. Nadhani alitaka kuinamisha tu, kwa mzaha, halafu ikamponyoka. Sitamwekea kosa ambalo labda hakulifanya. Nilimwona uso: alishtuka, akasema, "Aiya, samahani dada, ni mchezo tu," akapiga magoti aokote. Kicheko kilikatika. Ilikuwa njaa, na kila mtu pale alijua thamani ya punje moja. Halafu, kutoka nyuma ya foleni, mtu akacheka tena. Kicheko cha kwanza nimewasamehe. Walikuwa wanacheka mchezo. Huyu wa pili alikuwa anacheka chakula cha watoto kikiwa mchangani, na mwanamke amesimama ndani ya shimo anakitazama. Sijawahi kujua alikuwa nani. Kama yumo katika kile kikundi cha simu, asome hapa: bado nakusikia.

Mwikali alipanda akatoka. Aliusogeza mkono wa Mama Kioko polepole, bila kumtazama. Akaokota punje moja moja, akazitia ndani ya sufuria, kisha akachukua maji ya mtungi, yale ya asubuhi nzima, akaziosha mara mbili na kuyamwaga. Akatuita, akasema, "Kuleni." Tukala. Mchanga ulikuwa ukisagika menoni, na Musyoka alinitazama kama anayeuliza kwa nini chakula kinapiga kelele. Mwikali hakula.

Tulipopanda kurudi nyumbani, mtungi mtupu mgongoni, aliniambia maneno mengi kuliko aliyokuwa ameniambia tangu aje. "Mumbua, mama yako mimi simjui. Hajanikosea kitu. Kila nikifagia ndani nafikiri, huyu aliweka nyumba vizuri. Lakini hawa wakimsemea kila siku, mimi nitakaa na nani?" Nilitaka kumjibu kwamba mama yangu hangemwaga chakula cha mtu. Mama yangu alikuwa mpole hata kwa kuku. Walimlisha maneno ambayo hangeyasema akiwa hai, wakayatumia kumpiga mwanamke ambaye hangempiga. Lakini haya ni maneno ya mtu mzima. Siku ile nilisema tu, "Usiende." Akanishika kichwa, akakiachia.

Siku ya tatu alitufulia nguo, akanionyesha unga ulipo, akatupeleka kwa susu, mama yake baba, akaenda. Mama Kioko alikuwa ametuletea bakuli la maharagwe kesho yake ya tukio, katika njaa ile, na naliandika hapa kwa sababu ni haki yake. Mwikali alilipokea, akashukuru, na hata hivyo akaenda. Baba aliposikia alisema, "Kwa sababu ya televisheni? Watu wazima?" Akavuka Athi kumfuata, akarudi peke yake, na hakutueleza. Susu alikuwa mzee, hangeweza watoto wawili katika mwaka kama huo. Musyoka akachukuliwa na mjomba aliyekaa Malili. Mimi nikapelekwa kwa shangazi, Kitui, upande ule ule alikotoka Mwikali, na sikumwona hata siku moja. Tulisikia ameolewa huko Mutomo. Baadaye tukasikia amekufa.

Labda angeondoka tu. Njaa, mume asiyekuwepo, watoto wasio wake: wako waliokimbia kwa machache kuliko hayo. Nimejiambia hivyo miaka mingi ili hasira ipungue, na leo haikupungua, basi nikampigia Musyoka.

"Dada! Umeona kikundi? Watu wamenimaliza leo."

"Musyoka, wewe hukuona kipindi hicho. Ulikuwa mtoto, ulikuwa umelala nyumbani."

"Ni kweli. Lakini watoto wa mjomba walinisimulia sana, mpaka ni kama nilikiona."

"Na Mwikali, unamkumbuka?"

"Mwikali yupi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, na nikakosa wa kumkemea. Nikamweleza yote, polepole, kama nilivyoandika hapa. Yeye hakucheka wala kunikatiza. Mwishowe akasema, "Mumbua, sina hata uso wake. Sina kitu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Wewe Malili, mimi Kitui."

Hicho ndicho alichonyang'anywa ndugu yangu, hata kumkumbuka Mwikali, na ndicho kinachonichoma wakiandika kwamba zamani tulicheka vizuri. Zamani ile aliyechekwa alikuwa amesimama mbele yako, ndani ya shimo, na ukitaka ulimwona uso. Mama Kioko alimwona, akaenda kupima maharagwe yake. Leo watu arobaini wamecheka tangu asubuhi, kila mmoja ameketi kwake, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba palikuwa na mtu. Sijui ni ipi mbaya zaidi. Nikisema ni ya leo nitakuwa nawaonea, maana hawakuambiwa. Nikisema ni ya zamani nakumbuka yale maharagwe. Najua tu kwamba katika watoto wawili aliowalisha, mmoja amebaki na jina lake, na mwingine alibakiwa na kichekesho.

Jioni Musyoka amepiga tena, akauliza Mutomo ni njia gani kutoka Kitui mjini, na kama kaburi linaweza kujulikana baada ya muda wote huo. Nimemwambia sijui, tutauliza. Tumekula ugali na sukuma, na nyama kidogo iliyobaki jana.