Kipande cha Mtu Mmoja

Mama na wadogo zangu walipanda treni kwenda Bukama, mimi nikabaki Kamina kwa sababu shule yetu ilikuwa bado haijafungwa. Kila siku tulisikia kwamba vita vinakuja kutoka mashariki, na kwamba askari wa serikali wanarudi nyuma wakipora njiani. Nilikuwa mwalimu, sijaolewa, na kupika chungu kizima kwa ajili yangu peke yangu kulinichosha. Ndivyo nilivyoanza kula kwa mchoma nyama wa karibu na soko.

Alikuwa Mwislamu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema. Kwingine nyama ya kuchoma iliuzwa kwa makundi, sahani kubwa katikati ya chupa za bia, na mwanamke aliyekaa peke yake alitazamwa vibaya. Huyu alikata ng'ombe vipande vidogo, saizi ya tumbo moja na mfuko wa mwalimu. Alikuwa na benchi refu lililotazama ukuta. Ulikaa pale na nyama yako, bukari yako, ugali wetu wa huku, na pilipili, na hakuna aliyekuuliza mwenzako yuko wapi.

Siku moja treni ya askari ilikuwa imeingia stesheni asubuhi. Watoto hawakuja shule. Nilipofika pale mchana, benchi lilikuwa tupu.

"Mama mwalimu, kula mbio uende," mchoma nyama aliniambia. "Miye pia nazima moto."

Sikuwahi kumaliza. Askari walitokea kwenye kona ya soko, wamechoka, wamejaa vumbi, bunduki mikononi. Mmoja wao, aliyefungwa kitambaa chenye damu mkononi, alisimama mbele yangu.

"Huyu mwanamuke iko nani? Juu ya nini anakula peke yake?"

Niliteremsha kipande changu kwenye sahani.

"Iko shemeji yangu," mchoma nyama akajibu. "Ndugu ya bibi yangu."

Mchoma nyama alikuwa na kofia yake ya Kiislamu kichwani, nami shingoni nilikuwa na mkufu wenye msalaba mdogo. Nilishika kola ya blauzi yangu kana kwamba nahisi baridi. Sijui kama askari aliuona.

"Muzuri," akasema. "Kama iko shemeji yako, ataonja wa kwanza. Kule tunatoka, bantu banatuwekea sumu mu chakula."

Wakamwamuru achome nyama yote iliyobaki. Kila fungu lilipoiva, kipande kimoja kililetwa kwangu. Nilijua hakuna sumu. Nilichoogopa ni tumbo langu. Nyama ilizunguka mdomoni bila kushuka, na nilijua nikitapika tu, mimi na yule baba tumekwisha. Askari walikaa chini wakanitazama nikitafuna.

"Tafuna pole pole, shemeji," mchoma nyama alisema bila kugeuka kutoka kwenye moto. "Leo iko ngumu kidogo. Kunywa mayi."

Nilikunywa maji. Nikameza. Wakaniletea kipande kingine, na kingine tena. Kisha wakangoja waone kama nitaanguka. Hatimaye yule mwenye kitambaa alicheka, akachukua nyama, na wote wakaivamia.

Waliposhiba hawakumwacha mchoma nyama. Walimbebesha jiko lake na mfuko wa makaa, wakaondoka naye kuelekea stesheni awapikie njiani. Aligeuka mara moja tu.

"Shemeji, umwambie bibi yangu."

Nilitapika nyuma ya soko, kisha nikaenda kumtafuta mke wake. Sikuwa nimewahi kufika kwake, niliuliza njia. Nilipomweleza, alikaa chini pale pale mlangoni. Baadaye aliniambia, "Weye hauende tena kulala peke yako." Nikabaki kwake. Tulikula kutoka sahani moja, kidogo kidogo, na kila honi ya treni ilitusimamisha tulipo.

Mume wake alirudi wakati tulikuwa tumeanza kuongea juu yake kwa sauti ya msiba. Treni ilikuwa imesimama Luena, askari wakagombana wenyewe kwa wenyewe, naye akateremka upande wa pili na kujificha kwenye nyasi. Alikuwa ametembea tangu huko. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Mke wake aliikanda kwa maji ya moto, akilia bila sauti, mumewe akalala akiwa amekaa.

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Mke wake aliacha kitambaa ndani ya beseni, mimi nikazuia pumzi. Alikuwa jirani tu, mwanamke aliyekuja kuomba moto wa kuwashia jiko. Lakini aliita mara nyingi, akataja jina lake mwenyewe na la mumewe, kabla mmoja wetu hajathubutu kusimama na kufungua.