Nilisema Saumu

Kiarabu nilijifunza kwa kukata mikia. Nikikwama, nilichukua neno la Kiswahili lenye sura ya Kiarabu, nikaondoa irabu ya mwisho na kulitoa kifuani. Kitabu kikawa kitab, sabuni ikawa sabun, na dirisha halikuhitaji hata kukatwa, walilielewa lilivyo. Mwaka wangu wa kwanza kama dereva wa nyumba huko Muaither, Uarabuni, nilijiona mjanja kweli. Madereva wengine wageni walikuwa bado wanaonyesha kwa vidole, mimi nilikuwa naongea. Majivuno hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye aibu ninayoiandika hapa.

Abiria wangu mkubwa alikuwa mama yake mwenye nyumba. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, na yeye aliniita weldi, mwanangu. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo, na nyumba aliitembea kwa kupapasa ukuta. Alijua mimi ni Mkristo, kwa sababu kila Ijumaa asubuhi aliniruhusu niende kanisani Mesaimeer, na nikirudi aliniuliza kama tumeomba vizuri.

Nyuma ya chumba changu cha getini kulikuwa na kipande cha ardhi, upana wake kama mlango, kati ya ukuta na njia ya magari. Mama yangu mzazi alilima vitunguu saumu Nyandarua maisha yake yote, na nilipoona kipande kile kimekaa bure nilishindwa kuvumilia. Mwisho wa Septemba nilinunua vitunguu saumu dukani, nikavitia kwenye mfuko wa karatasi na kuviweka katika friji ya jiko la nje. Saumu isiyopigwa na baridi hukataa kugawanyika. Unavuna kitu cha mviringo kisicho na punje. Kwetu baridi ni ya bure. Muaither ilibidi niiombe kwa friji.

Friji yenyewe ilikuwa ya mpishi wetu, dada Mwislamu kutoka Uganda. Aliuchungulia mfuko akaniuliza nahifadhi nini. Nilipomwonyesha, akasema kwao kile ni katunguluccumu, na nisimnukishie maziwa. Kwake yeye saumu ilikuwa funga na basi.

Novemba joto lilipovunjika, nikapanda. Ilikuwa Jumatatu saa sita mchana, wakati wa chakula. Nilikuwa nimechanganya mchanga na samadi ya gunia, nimepiga magoti nikizika punje moja moja, ncha juu, shubiri moja kati yake, jinsi mama alivyokuwa akinipiga kofi la mkono nikikosea. Mama Kabira akatokea akipapasa ukuta. Akasimama hatua chache kutoka kwangu, akauliza kwa nini sijaenda kula, chakula kinapoa.

Neno la Kiarabu la kitunguu saumu sikulijua. Nikakata mkia.

“Ana saum, Mama,” nikamwambia. Mimi, saumu. Nilidhani nimesema niko na vitunguu vyangu.

Akaweka mkono kifuani. “Mashallah, weldi,” akasema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Nikafikiri, huyu mama anapenda kilimo. Nikaendelea kupanda huku natabasamu mwenyewe.

Jioni, adhana ya magharibi ilipoanza, mpishi alisimama mlangoni kwangu na sinia. Tende, bakuli la supu, maziwa ya mgando, na wali wenye nyama ya mbuzi juu yake.

“Mama Kabira kasema umefunga,” akaniambia. “Mungu akupokelee, kaka.”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema mchana. Na hapo ndipo pa kusema ukweli palipokuwa. Ingechukua sentensi moja, na wote wawili tungecheka. Lakini nyama ilikuwa inanukia, na kile alichokifanya Mama Kabira na mkono wake kifuani kilikuwa kimenipendeza. Nikapokea sinia nikasema amina.

Alhamisi likaja sinia jingine. Jumatatu iliyofuata, jingine. Waislamu wengi hupenda kufunga siku hizo mbili, na Mama Kabira alikuwa ameamua kwamba hata mimi ni mtu wa siku hizo. Alinipunguzia safari za mchana ili nisichoke. Aliwaambia wajukuu wasinywe maji mbele yangu ndani ya gari. Mtoto wa miaka saba alificha chupa yake ya maji chini ya begi kwa heshima yangu, nami nilikuwa nimetoka kumeza sambusa mbili na chai ya karak nje ya shule yake, nimeinama chini ya usukani nisionekane. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane.

Saumu ikaota. Mwanzoni vichipukizi vyembamba, kisha majani mapana ya kijani yaliyosimama wima. Niliimwagilia maji yaliyodondoka kutoka kiyoyozi, na Desemba viyoyozi vilipozimwa nikabeba ndoo. Kila nilipoinama pale nilijua ninachomwagilia, ila nilijifanya nina shughuli.

Kanisani nilimsimulia rafiki yangu mmoja, Mkenya mwenzangu anayelinda hoteli, tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi pale Mesaimeer. Nilimsimulia kama kichekesho, na alicheka mpaka akashika ukuta.

“Buda, umeangukia,” akasema. “Mara mbili kwa wiki unamanga vizuri hivyo na hulipi kitu?” Halafu akaacha kucheka. “Lakini huyo mathe haoni, sindiyo? Mwambie tu.”

Nilimjibu nitamwambia. Sikumwambia, na Ijumaa iliyofuata nilichelewa makusudi nisipange naye foleni moja.

Jambo lililonikata zaidi nililijua Januari. Jioni moja mpishi aliniletea sinia, akageuka haraka kuondoka, nikamwona anatoa tende mfukoni mwa dera lake na kuila huku anatembea. Nikamwita nikamuuliza.

“Na mimi nafunga,” akasema. “Tangu nije hapa, Jumatatu na Alhamisi.”

“Mama Kabira anajua?”

“Ya nini ajue?”

Kumbe miezi yote ile adhana ilipolia, yeye aliyefunga kweli alinibebea mimi chakula kwanza, mimi niliyeshiba, ndipo akafungua kwa tende moja njiani. Nilimtazama anavyorudi jikoni. Nilijisikia mdogo kiasi kwamba nilishindwa kulitazama lile sinia. Baada ya dakika kumi nilikula, kwa sababu lilikuwa limeshaletwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sioni faida ya kujipamba.

Ramadhani ilipofika nilijiapiza nifunge kweli, ili angalau deni lipungue. Siku ya tatu, saa nane mchana, nilijifungia chumbani nikala mkate mkavu juu ya sinki la kunawia.

Katika siku za mwisho za mwezi ule, Mama Kabira aliniita kabla ya magharibi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, ameuelekeza uso mahali sauti yangu ilipotoka. Alisema baada ya Idi watamfanyia operesheni ya macho, na anaogopa. Alisema watoto wake wanamwombea, lakini watoto wake ni lazima wafunge, wewe hakuna aliyekulazimisha. Umekuja kutoka mbali, si dini yako, na unafunga tangu baridi ianze. Mungu hawezi kukunyima. Niombee macho yangu, weldi, sasa hivi, kabla hujafungua.

Niliinamisha kichwa. Sikuomba. Sikuthubutu, niliogopa kwamba nikifungua mdomo Mungu atasikia harufu ya mkate. Nilisogeza midomo tu muda niliodhani unatosha, kisha nikasema amina kwa sauti. Yeye akafuta machozi kwa ncha ya shela yake na kunishukuru.

Operesheni ilifanikiwa. Nilimpeleka mwenyewe na kumrudisha, jicho la kulia kwanza, amevaa miwani myeusi. Nilifurahi kwa ajili yake, na pia niliogopa, na nilikuwa naona haya kwamba ninaogopa.

Wiki ya kwanza ya Aprili majani ya chini ya saumu yalikuwa yamekauka. Nilikuwa nimeacha kumwagilia siku kumi na mbili. Niling'oa kitunguu cha kwanza, nikapangusa mchanga kwa kidole gumba, na kilikuwa kizuri: punje tisa zimebanana, ngozi yenye mistari ya zambarau. Nilikuwa nimesahau kila kitu kwa sababu ya kile kitunguu. Nikasikia hatua. Mama Kabira alikuwa anakuja bila kushika ukuta.

Alisimama palepale aliposimama Novemba. Akatazama majani, akatazama mkono wangu.

“Nini hii?” akauliza.

Nami, mjinga, kwa furaha ya mavuno, nikajibu: “Saum, Mama.”

“Thoom,” akanisahihisha, akiweka ulimi kati ya meno ili nimwone. “Hii thoom. Saum ni kufunga.” Alicheka kidogo, jinsi mtu anavyomcheka mtoto anayekosea neno. Kisha kicheko kikakoma. Aliitazama ardhi miguuni pangu, akaangalia nyuma kwenye mlango aliotokea siku ile, na nikaona anakumbuka.

Alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza anaiona sura yangu vizuri, na hii ndiyo sura aliyoikuta.

“Siku ile,” akasema taratibu. “Ilikuwa saum, au thoom?”

Ningeweza kudanganya tena. Neno nilikuwa nalo tayari.

“Thoom, Mama.”

“Na siku nyingine?”

“Kullu,” nikasema. Zote.

Hakuniuliza kuhusu ile jioni ya dua. Nilingoja aniulize, nilitamani aniulize anifokee nimalize. Alivaa miwani yake, akageuka, na safari hii alirudi ndani ameshika ukuta.

Alhamisi sinia halikuja. Nilijiambia ni haki, na nililala bila kula, ingawa hakuna aliyeniambia nisile. Vitunguu vyote nilivisuka fungu moja kama mama alivyokuwa akisuka, nikalitundika kwenye mlango wa jiko la nje, nikaondoka kabla mtu hajaniona. Nilingoja kuambiwa nifungashe virago. Nilimpeleka Mama Kabira hospitali kukaguliwa jicho, na njia nzima tulisikiliza redio.

Jumatatu, saa sita mchana, jua likiwa utosini, mlango wangu ukagongwa. Alikuwa mpishi, na mikononi alikuwa na sinia lilelile: tende, supu, maziwa ya mgando, wali na nyama. Juu ya wali palikuwa na punje za saumu yangu, nzimanzima, zimekaangwa rangi ya kahawia.

“Mama Kabira kasema nikuletee saa hizi,” akaniambia. “Kasema wewe mtu wa mchana, usingojeshwe mpaka jioni. Na nisirudi na sinia kabla hujala.”

Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amefunga. Nilimwomba akae angalau kivulini, akasema hapana, yuko sawa. Basi nikakaa kitandani nikala, nikala kila kitu, naye alisimama mlangoni ameangalia ukutani, akisubiri nimalize.