Masharti ya Kesi ya Marudio

Klara, ambaye wanaomwogopa kidogo humwita Mama Gregory, alitoka Kalangalala na kufika machimboni upande wa Bulyanhulu akiwa na sufuria mbili na mdomo. Sufuria zilimpa mtaji, mdomo ukaulinda. Aliwapikia wachimbaji wali na maharage. Aliwakopesha waliokuja wamejaa vumbi na kuwanyima waliokuja wamependeza, kwa kuwa mchimbaji anayependeza asubuhi hana shimo. Miaka ikapita, akanunua karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na tangu siku hiyo akaacha kucheka ovyo.

Kwenye karasha kuna desturi moja. Mchimbaji huleta mawe yake kwenye viroba, husagiwa, huosha, hupata dhahabu yake au hupata huzuni yake, kisha huenda zake. Mchanga unaobaki, unaoitwa marudio, ni wa mwenye karasha. Ndani yake bado mna dhahabu iliyoponyoka mikononi mwa mchimbaji, na wenye mitambo ya kuchenjulia huja kuununua kwa malori. Rundo la Klara lilikuwa limepita paa la banda. Alilitazama kila asubuhi kama wenzake wanavyowatazama watoto waliofaulu.

Ila banda lilikuwa kwenye kiwanja cha kukodi. Mwenye kiwanja alikuwa mzee Maduhu, Msukuma wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya, Theonest, mnunuzi wa marudio, alikuja kulikagua rundo. Maduhu naye akaja, akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mchanga huu hautoki hapa mpaka tuongee," alisema, kisha akawafuata ng'ombe wake.

Mtu mwingine angemfuata palepale akaongee naye. Lakini Klara alikuwa mfanyabiashara sasa, na wafanyabiashara hawaongei. Wana kesi.

"Mama, malizaneni haraka," Theonest alimwambia. "Rundo limekaa kwenye mteremko na chini ni majaruba ya mpunga. Mvua kubwa ikinyesha, utauchota mchanga wako kwa kijiko."

Wiki hiyo, kwa bahati, kwenye ofisi ya kata alikuwepo wakili msichana kutoka Shinyanga, jina lake Euphrasia, akitoa ushauri wa bure kwa wafanyabiashara wadogo. Klara akavaa kitenge kipya, akaenda, akaeleza. Euphrasia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlipokodishiana mliandikiana?"

"Tulipeana mikono."

"Basi, mama, nenda kaongee naye. Ukubali kuwa ardhi ni yake, naye akubali kuwa mchanga ni wako. Mkielewana juu ya fidia ya kukaliwa kiwanja, mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kila mmoja na shahidi wake."

Klara akasubiri. Euphrasia naye akasubiri.

"Ndiyo hiyo tu?" Klara aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu, mama."

Klara alitoka amenuna kama mtu aliyeibiwa. Sheria gani inayoeleweka mara moja? Tena binti hata kifungu kimoja hakutaja. Tena bure.

Kesho yake akapanda bodaboda mpaka Kahama mjini, Nyasubi, kwa Eustace. Eustace hakuwa wakili, ila aliwahi kumbebea wakili mafaili, na wakili huyo alipofariki, tai zake zikabaki kwa Eustace. Mwanzoni, Eustace alishauri kwa maneno ya kawaida na akalala njaa, kwa sababu watu walisema "kumbe!" na kuondoka bila kulipa. Siku moja, kwa uchovu tu, alimkataza muuza mchele asimpe mdai wake mkono wa kulia mpaka kesi iishe. Muuza mchele alilipa palepale na kesho akaleta wenzake. Eustace akaelewa mahali alipo. Hapa ni kwa watu ambao hawashuki shimoni bila kumwona mganga. Ushauri usio na masharti, watautambuaje kuwa ni ushauri?

"Kwa mujibu wa sheria," alimwambia Klara huku akifunga dirisha, "hili ni zito."

"Nilijua," Klara alisema, moyo ukitulia.

"Rundo lisiguswe hata kwa karai. Na wewe, Mama Gregory, usiongee naye. Usimsalimie. Mkikutana njiani, pita kushoto."

"Nisimsalimie? Mzee yule ni sawa na baba yangu."

"Ukimwamkia umekiri kuwa yeye ni mkubwa kwenye shauri. Kesi imeisha hapo."

Klara akalipa, na akarudi nyumbani akijisikia amehudumiwa.

Asubuhi iliyofuata alikutana na Maduhu kisimani. Mzee alisimama, akingoja shikamoo yake. Klara akapita kushoto, macho yakitazama mbele, shingo imekakamaa kama amelala vibaya. Maduhu alibaki na marahaba yake mdomoni, hana pa kuiweka. Katika maisha yake yote alikuwa amenyimwa mvua, amenyimwa malisho, amenyimwa hata mke mmoja kule Msalala, lakini shikamoo hakuwahi kunyimwa. Akauza mbuzi, akauliza mjini ni nani anayejua sheria kwelikweli. Wakamwelekeza Nyasubi.

Eustace alimpokea kwa heshima zote na akafunga dirisha.

Basi wakaendelea hivyo. Theonest alipiga simu, akaambiwa shauri liko kwa mwanasheria. Akapiga tena, akaambiwa hivyohivyo, kwa majivuno zaidi. Safari ya tatu akaenda kununua marudio kwa mtu mwingine. Klara akatandaza turubai juu ya rundo kwa kurukaruka, akihofia kuligusa.

Mvua ilianza alfajiri, na haikuwa ya kuchungulia. Ilivua turubai, ikalikata rundo katikati, ikalishusha lote mpaka kwenye majaruba. Palipokucha, Klara alisimama upande mmoja wa korongo jipya, na Maduhu upande wa pili, wote wameloa. Klara akampigia simu Eustace.

"Naruhusiwa kumsalimia sasa?"

"Mchanga upo?"

"Haupo."

"Basi msalimie."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," Maduhu alisema, na uso wake ukalegea. Wakaingia bandani, wakaketi, wakaongea. Waliongea vizuri sana. Maduhu alikuwa anataka tripu mbili tu za marudio na ahadi kwamba rundo halitakaa tena juu ya majaruba. Klara angempa hata tatu. Kabla chai haijapoa walishagawana vizuri mchanga ambao haukuwepo.

"Sasa kwa nini ulininyima shikamoo?"

"Mwanasheria wangu wa Nyasubi alinikataza. Nilipewa na sharti la kupita kushoto."

"Kushoto tu?" Maduhu akatabasamu kwa dharau. "Mimi wa kwangu alinizuia kunyoa ndevu. Na ng'ombe niliwanywesha kwa njia ya nyuma mwezi mzima. Naye yuko Nyasubi. Ana tai nyekundu."

Klara akaweka kikombe chini. Wakatazamana. Hakuna aliyesema alichokuwa anafikiri, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anafikiri kwamba ndevu ni sharti kubwa kuliko kushoto, na mmoja wao ilimuuma.

Simu zao zikalia karibu kwa pamoja. Eustace aliwakumbusha, kila mmoja kwa ujumbe wake, kuhusu ada ya kufunga shauri, maana shauri lisilofungwa rasmi humfuata mtu.

Klara alituma kwanza. Maduhu, ambaye hakuwa na salio, akamwomba amlipie.