Kundi la Waliopewa Ukweli

Basi ndiyo hivyo, nikakubali kwenda, kwa sababu nilitaka kila mtu amwone mume wangu.

Wiki sita za ndoa, na bado akinishika mkono Kariakoo nasahau nilichoenda kununua.

Kuna dada mwanafunzi wa saikolojia anafanya utafiti juu ya maharusi, kwenye ukumbi mmoja karibu na Mchikichini. Akatuweka vyumba tofauti, kila mmoja na karatasi yake ya maswali. Kisha nikaonyeshwa majibu ya mwenzangu, maana wote tulisaini kuridhia.

Swali moja liliandikwa: "Kuna jambo mwenzangu akilijua ataondoka."

Mume wangu kaweka alama kwenye NDIYO.

Nikacheka. Nilishasikia kwamba kwenye tafiti hizi wanakudanganya makusudi, waone utafanyaje.

"Dada, hapo mmeniweza," nikamwambia.

Hakucheka. Akafungua daftari lake.

"Ni kweli, nusu ya watu tunawapa majibu ya uongo, tuwalinganishe na wanaopewa ya kweli. Kura yako iliangukia kwa wanaopewa ya kweli. Pole, mdogo wangu."

Nje nilimkuta mume wangu ananisubiri na juisi ya miwa, anatabasamu.

"Mbona kimya, mke wangu? Wamekuuliza nini?"

"Ya kawaida tu."

Mkono wake ulikuwa na joto lile lile. Nikaushika mpaka nyumbani.

Sijamuuliza. (Chapisho hili halioni, nimemfungia.) Nyie mngeuliza?

Somo yangu wa Magomeni, wewe uliyenifunda, kabla mwezi haujaisha nitakuja kwako. Nitakuja peke yangu.