Mdomo wa Sikirepa

Juzi nilipeleka kitanda cha binti yangu kwa fundi, hapa hapa Mbale, akakilainishe. Akawasha mashine yake ya msasa, vumbi likanijaa mpaka kwenye mtandio. Nikamuuliza, "Fundi, huna sikirepa?" Akacheka. "Mama, hiyo ni chakula ama dawa?" Nilicheka naye, lakini jina hilo nilirudi nalo nyumbani.

Wewe wa rika langu pengine unaikumbuka. Ni kipande cha chuma chembamba tu, hakina mpini. Unakishika kwa vidole vya mikono miwili, unakwangua mbao mpaka iwe laini kama shavu la mtoto. Baba yangu alizitengeneza mwenyewe, kutoka kwenye msumeno uliovunjika. Zake zilikuwa za kupinda, kwa kazi ya viti na vigoda: moja umbo la yai, nyingine kama shingo ya bata. Alinyoosha ukingo kwa tupa, akausugua kwenye jiwe lenye mafuta, halafu akaukandamiza kwa valvu ya injini ya lori mpaka ukajikunja kidogo. Mkunjo wenyewe huuoni kwa macho, unausikia kwa ukucha. Baba aliuita mdomo. "Sikirepa bila mdomo ni bubu," alikuwa anasema. Yenye mdomo inatoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Bubu inatoa vumbi.

Miaka ile ya vita hapa Uganda baba alifanya kazi Jinja, na sisi tulikaa Malukhu, hapa Mbale, kwa jaja, mama yake. Siku moja anarudi nyumbani, basi likasimamishwa kizuizini, askari wakamshusha. Kondakta ndiye alituletea sanduku lake la vyombo, pamoja na kigoda ambacho alikuwa hajakimaliza, nusu ya kikalio laini, nusu bado na makovu ya tezo. Sanduku lilifika. Mwenyewe hakufika.

Mama akarudi kwao Masese kuuza samaki. Alikuja kila Idi, nguo zake zikinuka ziwa, amebeba mukene, wale dagaa wadogo, jaja akiwapika na karanga. Sikukuu ilikuwa sikukuu, lakini mama alikaa pembeni. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Wanawake wenzake hawakujua wampe pole au wamwambie avumilie.

Jaja ndiye alianza kuzinoa zile sikirepa. Kila Ijumaa asubuhi alitandika mkeka, mimi nikadondosha mafuta, tupa ikalia kriii mpaka meno yananiuma. Mvua za mlimani zinaleta kutu, alisema, na fundi akirudi hatakula maneno, atataka kazi. Jirani akipita alimtania, "Jaja, leo unamchinja nani? Niambie nihame!" Naye, "Wewe umekonda hivyo, utatoa mchuzi gani?" Tulicheka sote. Halafu tupa ikaendelea. Kigoda hakuna aliyekigusa. Kazi ya mtu anaimaliza mwenyewe.

Vita vilipotulia, waliorudi wakarudi. Mwalimu wa madrasa akaja Idi moja, mama akiwepo. "Mama," akamwambia jaja, "tumswalie kijana wetu. Na mkewe apate kukaa eda."

Jaja hakuinua macho. "Mwalimu, mimi simswalii mtu ambaye vyombo vyake viko na makali."

Mwalimu akavaa viatu vyake. Mama aliondoka siku ile hata chai hajanywa.

Lakini chuma ukikinoa unakila, rafiki yangu. Ile shingo ya bata ilivunjika. Ile yai ikawa kama kwato ya mbuzi, mwisho ikawa kama ukucha. Miaka hiyo yote hazikugusa mbao hata mara moja, zilikwisha kwa kusubiri tu. Ijumaa moja tupa ikateleza, hapakuwa tena na mahali pa kushika. Jaja akakitazama kile kipande.

"Lete kigoda," akaniambia.

Akakishika kile chuma kwa ncha za vidole, akaanza kukwangua ile nusu ya makovu. Maranda yakaanguka kwenye gomesi, gauni lake la mshipi mpana, membamba, na ile sauti, shwii, shwii, sauti ya baba kabisa. Vidole vilitoka damu, hakuacha. Alipomaliza akapitisha kiganja, akapuliza. "Mwite mwalimu," akasema. "Na mama yako apelekewe habari."

Mama alikuja akakaa eda kwetu, juu ya kigoda kile. Ndipo nikamsikia akilia kwa sauti, mara ya kwanza.

Sasa jaja hayupo, mama hayupo, Mungu awarehemu. Pale kizuizini wanauza mahindi ya kuchoma. Kigoda ninacho mimi, watoto wanakikalia wakitazama simu. Wakitoka, napitisha kiganja kwenye kikalio, natafuta baba aliishia wapi na jaja alianzia wapi. Sijawahi kupapata.