Uzi wa Kaka

Bibi niliyekuwa nikimhudumia kule Kenton alikuwa Mhindi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, mji wangu mimi. Aliolewa huko, akauza vitambaa na mumewe mpaka walipohamia London. Siku ya kwanza nilipoingia kumwogesha nikamsalimia kwa Kiingereza. Akanitazama juu mpaka chini. "Weye wa wapi? Kwenu hakuna shikamoo?" Nilicheka mpaka sabuni ikaniponyoka. Tangu hapo tukawa watu wa kugombana na kupikiana chai.

Kila mwaka, joto likianza, alinituma Harrow kwenye duka la Wahindi nikamnunulie uzi mwekundu wa rakhi. Dada humfunga kaka yake uzi huo mkononi, siku ya sikukuu yao, umkinge na mabaya. Nami nilijua Bibi hana kaka. Mwishowe nikamuuliza, kwani anamfunga nani?

"Simfungi mtu," akasema. "Nanunua tu."

Alikuwa na kaka mmoja. Bibi akiwa bado mtoto, kwao Uhindi, kaka aliingia jeshi la Mwingereza kwenda kupigana Burma. Siku ya kuondoka, sikukuu ilikuwa bado. Kaka akanyoosha mkono, nifunge kabisa, mdogo wangu. Mtoto akakimbilia uzi. Mama yao akamzuia: uzi haufungwi kabla ya siku yake, ni mkosi, atafungwa akija likizo. Basi akaenda vitani mkono wazi. Hakurudi, wala dada yake hajui alizikwa wapi.

"Ningemfunga, angerudi," akaniambia.

"Bibi, vita haviogopi uzi."

Akanisonya. Siku ile sikupewa chai.

Mwaka jana akaona kwenye televisheni nguzo za mawe zilizojengwa mjini kuwakumbuka askari wa Uhindi, Afrika na kwingineko. Nipeleke, akasema, nikamfunge huko. Nikamwambia tungoje sikukuu yenyewe, na mvua itakuwa imekatika.

"Siku! Siku ndiyo iliyomuua kaka yangu!"

Nikamtia kwenye kiti cha magurudumu, tukapanda treni, tukafika tumelowa chapachapa. Jamani, zile nguzo ni nene! Mimi na yeye tungezikumbatia pamoja, vidole visingekutana. Akainuka kwa kunishika bega, akauweka uzi juu ya jiwe, akajaribu upande huu, akajaribu ule. Haukufika popote.

"Wameandika nchi," akasema. "Yeye wamemwandika wapi?"

Akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, akalia kitoto, akimwita kaka yake kwa lugha yao. Watu wanapita na miamvuli yao. Sisi watu wa kazi hii hufundishwa tusilie mbele ya mgonjwa. Nililia, tena kwa sauti.

Ndani ya treni nikamnyooshea mkono wangu. "Nifunge mimi, Bibi."

"Weye si kaka yangu," akasema, bila hasira. Akaufunga uzi kwenye pindo la mtandio wake, kama mama zetu wanavyofunga hela ya sokoni.

Alikufa sikukuu ikiwa bado. Mwanawe wa kiume, mtu mzima wa kunijibu Kiingereza siku zote, akaniita nimuage kabla hawajamchoma. Nikamwomba ule mtandio. Nikamweleza habari za mjomba wake, na kumbe hakuwahi kuzisikia. Akafungua fundo.

Shangazi yake mmoja akanong'ona kuwa siku ya uzi haijafika. Mwana akanitazama mimi.

"Mpe," nikasema.

Akauweka uzi kiganjani mwa mama yake, akavikunja vidole kimoja kimoja. Nami nikainama sikioni mwa Bibi wangu.

"Shikamoo, Bibi. Ukimwona, usingoje siku. Mfunge hapo hapo."